Wimbo wa Bibi Nilioumaliza Peke Yangu

Nianze na aibu yangu ya karibuni, kabla hujaisikia kwa binti yangu, maana yeye huisimulia kwa kuongeza chumvi. Jumapili moja mchana, pale Njiro, mbele ya watu ambao wengi wao walikuja na magari yao, nilisimama katikati ya onyesho la muziki nikamwonea huruma mwanamuziki. Alikuwa ameimba mistari mitatu vizuri tu, na gitaa lake, halafu ule wa nne ukamshinda. Akanyamaza. Akatutazama, na sisi tukamtazama. Mimi nimezaa na nimelea. Siwezi kumwona mtoto wa mwenzangu amesahau shairi mbele za watu nikakaa kimya. Nikainuka na kitenge changu, nikamwambia kwa sauti ileile ninayoitia kuku: “Usiogope, mwanangu. Endelea tu.”

Sasa sikiliza. Yule kijana hakuwa amesahau kitu. Muziki wake ndivyo ulivyo: anatunga nusu, nusu nyingine anawaachia waliokuja kusikiliza. Ananyamaza makusudi, na wewe uliyekaa unatoa ulicho nacho, neno, kofi, mluzi, hata kikohozi, na yeye ana kimashine chini ya mguu kinachodaka sauti ile na kuirudiarudia juu ya gitaa. Haya yote yalielezwa mwanzoni, wakati mimi nikihangaika kutafuta kiti chenye kivuli. Basi akakanyaga kimashine chake. Sauti yangu ikatoka kwenye spika mbili kubwa, ikarudi, ikarudi tena, waliokaa kushoto wakaipigia makofi, wa kulia wakaitikia “endelea tu”, na wimbo ukafura hapohapo kama uji ulioachwa jikoni. Binti yangu alijifunika uso kwa mkoba. Watu wa Njiro walicheza sauti ya fundi mapazia wa Olasiti mpaka kimashine kile kilipozimwa, na mimi nikiwa nimesimama, sijui kama nikae au nishukuru.

Unanijua, mimi si mtu wa kutoka. Nashona mapazia nyumbani, kitambaa kinaletwa, pazia linafuatwa, nyanya zinapita mlangoni kichwani kwa mama mmoja ambaye akiugua mimi nakula ugali na chumvi. Binti yangu ndiye aliyenitoa siku ile, kwa kusema kwamba nitaota mizizi na mwenye nyumba atanihesabu kama mti. Kwa hiyo watu walipocheka nilicheka nao. Nimezoea kuwa kichekesho cha familia. Ila nilipokaa chini kicheko kilikuwa kimekwisha, na si kwa aibu. Ule ukimya wa mstari wa nne niliujua. Nilikua nao. Na mahali nilipokulia niliuua mimi, nikiwa na miaka kumi na mitatu, kwa kalamu ya wino wa bluu.

Nilikulia kwa bibi yangu mzaa mama, juu ya Maji ya Chai, kule ambako ukiiacha lami unapanda mlima mpaka masikio yanaziba. Miezi ya baridi mlima wenyewe hatukuuona. Tuliujua kwa maji ya mfereji, yaliyokuwa yanauma vidole asubuhi ukisuuza masufuria, na kwa ukungu uliokuwa unashuka kwenye migomba ukakaa hapo mpaka saa nne kama mgeni asiyejua kuaga. Msimu wa kahawa ndio uliokuwa na harufu. Kahawa mbivu tukiichuma inanata mikononi kama asali iliyoharibika. Jioni tunaipitisha kwenye mashine ya kumenyea, mmoja anazungusha mkono wa chuma, mwingine anamimina, maganda yanaruka huku, buni huku, na ule mlio wake, kr-kr-kr, ulikuwa unasikika kutoka kila boma mpaka giza liingie. Maganda yakichacha, bonde zima linanuka kama pombe ambayo hakuna aliyeitengeneza. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchambua buni kwenye kichanja cha kuanikia, kazi ya mtu mvivu mwenye macho mazuri. Niliipenda. Unaiona picha: tangu utoto natafuta kazi ya kukaa.

Bibi hakuwa mpole. Nataka ulishike hilo, maana baadaye utaona nilivyomfanya. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye kidole cha shahada kilichopinda tangu jembe limpate, na kidole hicho ndicho alichokuwa akikuonyeshea unapokosea, kwa hiyo ulikuwa hujui kama anakuonyesha wewe au aliyesimama kando yako. Loshoro yake, ya ndizi na maziwa ya mgando, watu waliitafutia sababu ya kupita. Alikuwa na ugomvi wa kudumu na jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, mama mmoja mrefu, mdogo kwake kwa miaka kama ishirini, kuhusu zamu ya maji. Kila kiangazi walikuwa wanapigiana kelele juu ya mfereji ule mpaka kuku wanahama. Na kila mmoja moto wake ukizimika, alikuwa anatuma mtoto kwa mwenzake na kipande cha chungu kuomba kaa.

Na bibi alikuwa hawezi kuimba. Sauti yake ilikuwa kama bawaba ya mlango wa zizi. Lakini katika nyimbo za kule kwetu hakuna aliyetafutwa kama yeye, na hapo inabidi nikueleze habari za mwalimu wa kwaya.

Mwalimu huyu alifundisha hesabu shule ya msingi, na hesabu alifundisha vibaya. Kanisani kwetu alikuwa na kwaya ya watu kama kumi na watano, Walutheri wa kawaida, sauti nne, wengine wakiwa hawana uhakika wao ni sauti ya ngapi. Nyimbo za kitabuni waliimba kama makanisa mengine. Ila ilipotokea msiba, mwalimu hakuja na kitabu. Alikuja asubuhi ya siku ya maziko, mapema, wakati akina mama wanamenya ndizi na wanaume wako shimoni, akavuta kigoda akakaa penye moshi. Anaanza kuunguruma tuni. Kwaya inamkuta inaidaka. Anaimba mstari wa kwanza, jina la marehemu na alikozaliwa. Wa pili, watoto wake. Wa tatu, kazi yake. Halafu kwenye wa nne ananyamaza, ananyanyua kidevu, anatutazama. Na hapo kila aliyefika ana haki, awe wa kwaya, awe mpita njia mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, awe mlevi. Unatoa neno lako moja unalomjua nalo yule aliyelala ndani. Mwalimu analipokea, analiimba, kwaya inalirudia, inakuwa ubeti. Anaanza tena, ananyamaza tena. Mpaka saa nane jeneza linatoka, wimbo umeshakamilika, haujawahi kuimbwa popote na hautaimbwa tena, na kila boma lina mstari wake ndani.

Maneno yenyewe ndiyo yangekufanya uache kazi. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa anaazima majembe na kuyasahau. Siku ya maziko yake jirani mmoja alitoa neno: leo majembe yote yamerudi kwake. Watu walicheka huku wanalia, kwa sababu ni kweli, yalikuwa pale yote, yakichimba. Mama mmoja aliyeuza maziwa, mwenzake alitoa hivi: maziwa yake yalikuwa na maji, na watoto wangu saba walikua. Hilo lilirudiwa mara nyingi kaburini mpaka mchungaji akatoa leso. Neno likiwa refu kuliko tuni, mwalimu alikuwa halipunguzi. Alikuwa akisema, neno la mtu halikatwi, tuni ndiyo inavutwa. Na alikuwa anaivuta kweli, shingo inatoka mishipa, sauti ya nne wanapotea, sauti ya kwanza wanamsubiri mbele kama watu waliowahi kwenye njia panda. Neno la chuki alikuwa analirudisha kwa upole, akisema hilo la baraza, si la kaburi, mwenye nalo anakaa chini na hakuna anayemzomea.

Bibi ndiye aliyekuwa akingojwa mwisho. Hakuliimba neno lake, alilisema tu, kavu, na kidole kimepinda hewani. Niliyasikia mengi. Sasa nikijaribu kuyakumbuka napata mawili, na hayo mawili sina hakika.

Mimi katika mambo haya nilikuwa na kazi yangu. Nilikuwa na mwandiko. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kiasi kwamba mwalimu wa darasa alinipa daftari za wenzangu nizifunike na kuziandika majina, nami nikawa na kiburi ambacho, kwa ukubwa wa kijiji kile, kilitosha kata nzima. Nilianza kuandika zile nyimbo za msiba kwenye kauntabuku. Mwalimu alinikuta siku moja, akasoma, akacheka kidogo, akaniambia kwamba nimeandika vizuri ila nimeandika maji yanayopita. Sikumwelewa. Nilidhani ananisifu.

Bibi alikufa katika msimu wa kuchuma, baada ya wiki moja ya kifua. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Siku mbili kati ya kifo na maziko sikuweza kukaa na watu. Kila aliyefika alikuwa ananishika kichwa. Nikajificha kwenye stoo ya kahawa, juu ya magunia, mchana kutwa, na kauntabuku langu, nikamwandikia bibi wimbo. Wote. Beti sita, kila moja mistari minne, hakuna iliyopungua. Nilitafuta maneno mazito niliyoyasikia kanisani. Bibi alikuwa taa. Bibi alikuwa mnara. Bibi alikuwa mpole kama njiwa, bibi yule, aliyewahi kumfukuza mkaguzi wa kahawa kwa mwiko. Mistari ilikuwa inaishia kwa sauti moja, taa, njaa, saa, balaa, na nilipopata “balaa” nakumbuka niliona fahari, katikati ya msiba, Mungu anisamehe. Nilikuwa nalia kweli. Lakini nilikuwa nalia huku napiga mstari kwa rula chini ya kila ubeti.

Asubuhi ya maziko mwalimu wa kwaya akaja, akavuta kigoda chake. Uwanja ulikuwa umeshajaa. Nilipita katikati ya watu nikampa kauntabuku kwa mikono miwili. Alisoma polepole, akigeuza ukurasa kwa kidole kilicholowa. Akasoma tena. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo ya kutosha sisi wawili tu.

“Umeandika vizuri, mwanangu. Sasa sisi tunaingilia wapi?”

“Umeshaisha, mwalimu,” nikamwambia.

Nilikuwa nategemea anisifu. Alinitazama kwa muda, akatazama uwanja, na mimi nikamtazama yeye tu, sikugeuka. Kama ningegeuka ningeona watu waliokuwa wamefika tangu alfajiri, kila mmoja na kitu chake mdomoni. Ila kwetu kuna desturi kwamba siku ya maziko mfiwa hapingwi. Akitaka jeneza lipite mlango wa nyuma, linapita mlango wa nyuma. Mama yangu, mtoto pekee wa bibi, alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo mfiwa mkubwa pale nilikuwa mimi. Mwalimu akawaita kwaya, akawafundisha wimbo wangu kwa tuni ya kitabuni, kwa sababu maneno yalivyopimwa yalikuwa hayahitaji kuvutwa.

Wakaimba. Waliimba vizuri kuliko siku zote, sauti nne zote mahali pake, hakuna aliyepotea. Na uwanja ulikuwa kimya, kimya cha watu waliokuja kusaidia kazi wakakuta imefanyika. Wanawake waliendelea kumenya ndizi. Nakumbuka jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji alikuwa amekaa karibu na mlango wa jiko, kisu mkononi, na midomo yake ilikuwa inachezacheza, kama mtu anayejikumbusha alichotumwa dukani. Kwaya ilipomaliza ubeti wa tatu ikapumua, pumzi ya kawaida tu, jirani yule akainuka. Mrefu vile. Akafungua mdomo. Kwaya ikaingia ubeti wa nne. Akabaki amesimama kidogo, kisu kinaning'inia, kisha akakaa, akaokota ndizi nyingine.

Niliiona hiyo. Nilidhani alikuwa anataka maji.

Sifa nilizipata nyingi. Mchungaji aliniita mbele, akaushika mkono wangu juu kama wa bondia, akasema huyu mtoto ana kipaji. Na hapo ndipo uharibifu ulipoanza kutembea. Msiba uliofuata, watoto wa marehemu walikuwa Moshi, wana kazi nzuri, wakasema na wao wanataka wimbo ulioandikwa, kama wa yule mtoto. Wakaniomba. Nikaandika; taa na mnara vilikuwa bado vipo. Wa tatu wakaja na wimbo wao umechapwa kwa mashine. Baadaye ikaja karatasi ya ratiba yenye picha ya marehemu, na wimbo umepangwa kati ya salamu za chama na shukrani za familia, dakika tano. Mwalimu alikuwa anafika na kigoda chake, anakikuta hakina kazi, anakitumia kukalia tu. Sijidai kwamba niliua desturi nzima peke yangu. Sina nguvu hizo, hata kuku wangu huwa naomba nichinjiwe. Labda ingekufa yenyewe. Lakini mtu wa kwanza kumwambia yule mzee kwamba wimbo umeshaisha alikuwa mimi.

Yeye mwenyewe alipokufa, miaka kadhaa iliyopita, nilikwenda. Aliimbiwa kwa flashi. Kijana wa vyombo alichomeka, spika ikakoroma, ikatoka kwaya ya mji mwingine kabisa iliyokuwa haijui jina lake, na tulisimama na miavuli yetu tukaisikiliza mpaka ikaisha. Nilikuwa na neno langu la mwalimu. Zuri sana. Hakuna aliyenyanyua kidevu, na mimi sikuwa na ubavu wa kusimama.

Hasara yangu kubwa, hata hivyo, si hiyo. Ni kwamba ule wimbo wangu niliusoma mara nyingi mno. Nilikwenda nao sekondari, nikausoma bwenini, nikaunakili upya kauntabuku lilipochakaa. Ukaingia mpaka ukamfunika bibi. Leo nikifumba macho nimtafute, anakuja njiwa. Inakuja taa. Kidole kilichopinda nakikumbuka, loshoro naikumbuka, lakini yeye mwenyewe, alikuwa mtu gani kwa watu wengine, alifanya nini mimi nikiwa shuleni au sijazaliwa, alimkosea nani, alimsaidia nani, hayo yalikuwa kwenye vinywa vya wale waliokaa uwanjani siku ile. Kila mmoja alikuwa amembeba kipande chake. Walikuja kunipa, nikawafungia mlango kwa mwandiko mzuri. Wakarudi navyo makwao.

Kwa hiyo baada ya mkosi wangu wa Njiro nilichukua karatasi, nikaandika niliowakumbuka waliokuwa uwanjani. Nilipata watu kumi na tisa. Nikaanza kupiga simu kwa binamu, kwa shemeji, kwa aliyeoa kule. Huyu amekufa. Huyu amekufa zamani, ulikuwa wapi? Huyu yuko kwa mwanawe Dar, hamjui tena mtu. Siku ya tatu, katika kumi na tisa, nilibaki na mmoja, na usinishangae kama nilicheka kidogo nilipoona ni nani.

Nikashona kitambaa cha meza cha zawadi ili nisiende mikono mitupu, nikafunga cherehani, nikapanda. Binti yangu alitaka kunisindikiza, akaniambia nikipotea atatangaza amepotea mti. Nilimwacha.

Wewe kama hujapita huko siku nyingi, jiandae. Mibuni imeng'olewa karibu yote. Pale tulipokuwa tunachuma kuna nyanya na kabichi, na nyumba za matofali zenye mageti, na mfereji wetu umepitishwa kwenye bomba kwa hiyo hakuna tena ng'ambo. Kuna barabara tu ya vumbi unayoweza kuivuka bila kumkasirisha mtu. Stoo ya kahawa imekuwa banda la kuku wa mayai. Nilisimama nikingoja ile kr-kr-kr ya mashine za kumenyea, saa ilikuwa ndiyo yake, jioni inaingia, nikasikia pikipiki na televisheni ya mtu. Hata harufu haipo. Nilidhani mahali pakiondokewa na watu panabaki na harufu yao angalau, kumbe harufu nayo ilikuwa kazi ya watu.

Jirani yetu nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya jiko, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Urefu wake umekunjika. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba, akaniuliza mimi wa nani. Nikamtajia bibi. Akaacha kuchambua. Akanitazama chini mpaka juu, akasema kwamba nimenenepa, na kwamba bibi yangu alikuwa akisema nitanenepa kwa sababu sipendi kutembea. Hilo tayari lilikuwa neno moja ambalo sikuwa nalo.

Tukazungumza ya kawaida. Aliuliza watoto wangu, nikamjibu mmoja. Aliuliza mume, nikaruka swali, akalirudia, nikamjibu. Kitambaa alikipokea, akakipindua kukagua mshono kwa ndani, akakiweka. Mjukuu wake alituletea chai ya maziwa. Mikono yake ilikuwa inarudi kwenye maharage yenyewe, inatoa mawe bila macho kutazama, na mimi nilikuwa natafuta mahali pa kuingilia kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba iliyojengwa upya.

Mwishowe nikamwambia tu. Nikamkumbusha siku ya maziko ya bibi, kwamba alikuwa amekaa karibu na mlango wa jiko, na kwamba kwaya ilipopumua baada ya ubeti wa tatu yeye alisimama. Nikamwambia nilimwona. Nikamwomba msamaha, nikanywa chai. Kisha nikamuuliza neno alilokuja kumtaja nalo bibi yangu siku ile lilikuwa lipi, kwa maana hakuna mwingine aliyebaki wa kuniambia.

Aliinua ungo, akapepeta mara mbili, makapi yakaruka upande wa barabara. Akautazama mlima, ambao jioni ile ulikuwa wazi mpaka kileleni, kama vile jibu limeandikwa kule na yeye macho hayafiki. Midomo ilianza kuchezacheza, vilevile, nikaegemea mbele. Ikaacha. Ikaanza tena. Ikaacha.

Na mimi nikashindwa kuvumilia. Nikamsaidia. Nikamuuliza kama labda lilikuwa neno la maji, zile zamu walizokuwa wanagombania. Akatikisa kichwa. Labda la moto, lile kaa mlilokuwa mnapeana? Akaokota jiwe kwenye ungo, akalitupa. Nikamwambia labda mama ulitaka kusema kwamba alikuwa mkali mchana na mwema jioni, au kwamba mfereji uliwatenganisha na moto ukawaunganisha, jambo kama hilo, na nilikuwa nimeshatoa kalamu kwenye mkoba, karatasi ipo gotini, nimeshaandika nusu yake, na imetoka vizuri.

Aliweka ungo chini. Akaufunika mkono wangu wenye kalamu kwa mkono wake, mzito, wenye vumbi la maharage.

“Umeanza tena,” akasema. “Neno langu nilikuwa nalo tangu alfajiri ile, hukuliuliza. Limekwenda. Na wewe usinitungie lingine.”